Majira ya Mpira na Majira ya Mvua

Alhamisi ya tarehe 22 Oktoba 2020, katika uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, Simba ya Dar es Salaam, iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Tanzania Bara misimu mitatu mfululizo, ilifungwa na Tanzania Prisons bao moja kwa bila, mfungaji akiwa Samson Mbangula, mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa wamezoea kumwona bingwa wa nchi katika kioo cha televisheni tu. Prisons, timu ya Jeshi la Magereza yenye asili ya Mbeya, ilikuwa imeihamishia Sumbawanga michezo yake ya nyumbani msimu ule, na kwa watu wa Malangali, nami nasema ile iliyo kata ya Manispaa ya Sumbawanga wala si Malangali ya Mufindi yenye skuli mashuhuri, Ligi Kuu ikawa ghafla ni jambo la kuliendea kwa miguu. Habari ya bao lile ingali hai vijiweni. Lisilosimuliwa ni jambo lililotangulia: kwamba Jumapili ya tarehe 18, siku nne tu kabla, Simba ilikuwa ikutane na Yanga, mtani wake wa jadi, jijini Dar es Salaam, na mchezo huo ulikuwa umekwisha kuondolewa katika ratiba na kupelekwa tarehe 7 Novemba, kwa hofu kwamba wachezaji walioitwa na mataifa yao katika dirisha la Oktoba wangekwama njiani kwa masharti ya safari ya siku zile za Korona.

Katika kadhia hiyo moja yamo karibu mambo yote ninayokusudia kuyaeleza leo: klabu yenye mchezaji, taifa linalomtaka, safari iliyo baina yao, na mji wa mbali unaopokea matokeo ya makubaliano ambayo haukuulizwa. Shabiki anayefika kwenye kibanda umiza Jumamosi na kukuta hakuna mchezo wa Ligi Kuu yetu wala wa ligi ya Uingereza huuliza ni nani aliyeifunga ligi, na jawabu la haraka analopewa ni FIFA. Jawabu hilo lina nusu ya ukweli. Nusu ya pili iko karibu zaidi na nyumbani, nayo ndiyo yenye kuudhi.

Tuanze na ile nusu ya kwanza. Sheria ya jambo hili imeandikwa katika kanuni za FIFA zihusuzo hadhi na uhamisho wa wachezaji, katika nyongeza yake ya kwanza, nayo ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Katika mwaka hutengwa vipindi vichache vinavyoitwa madirisha ya kimataifa, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa Machi, Juni, Septemba, Oktoba na Novemba. Kila dirisha huanza asubuhi ya Jumatatu na kwisha usiku wa Jumanne ya juma linalofuata, na ndani yake timu ya taifa huruhusiwa kucheza michezo miwili. Chama cha nchi kikitaka kumwita mchezaji sharti kimwandikie siku 15 kabla dirisha halijafunguka, na klabu yake ikapewa habari. Hapo klabu haina hiari, iwe ni Real Madrid au Namungo. Na ili klabu isije ikamficha mchezaji kwa hila ya maradhi yasiyokuwapo, kanuni yasema kwamba aliyeitwa asiende haruhusiwi kuichezea klabu yake katika muda wote wa wito, na kwa siku 5 zaidi. Nje ya madirisha hayo, ukiondoa mashindano makubwa yaliyomo katika kalenda, taifa linabaki kuomba, na klabu ina haki ya kukataa.

Kuanzia mwaka 2026 madirisha ya Septemba na Oktoba yameunganishwa kuwa dirisha moja la siku 16 lenye michezo minne. Mimi nayaona haya kuwa mageuzi ya insafu, na nitasema kwa nini. Mchezaji wa Ufaransa anayecheza Uingereza akiitwa na taifa lake hupanda ndege ya muda wa saa moja, ilhali Mbwana Samatta, alipokuwa Genk ya Ubelgiji au PAOK ya Ugiriki, aliitikia wito wa Taifa Stars kwa safari ya usiku kucha hadi Dar es Salaam, pengine akaunganisha kwenda nchi nyingine ya Afrika isiyo na ndege ya moja kwa moja, kisha akarudi kwa kocha ambaye amemwona mwenzake akifanya mazoezi kwa utulivu. Kwa mchezaji wa namna hii, kupunguziwa safari moja kwa mwaka si jambo dogo, na nchi zenye wachezaji waliotawanyika, kama Tanzania inavyoanza kuwa, zina faida nayo kuliko zile ambazo wachezaji wake wote wako mwendo wa gari moshi kutoka kambini.

Ugomvi wa klabu na taifa ni wa zamani kama mpira wenyewe, kwa sababu asili yake ni mali: klabu ndiyo inayolipa mshahara, na taifa ndilo linaloazima. Kesi iliyoufikisha mahakamani inatuhusu sisi Waafrika. Mnamo Novemba 2004 Abdelmajid Oulmers, kiungo wa Charleroi ya Ubelgiji, aliitwa na Morocco kucheza mchezo wa kirafiki dhidi ya Burkina Faso, akaumia vibaya, akakaa nje kwa miezi. Na klabu yake, ambayo haikuwa tajiri, ikajikuta katika hali ya mtu aliyemwazima jirani maksai wake akalimie, akarudishiwa anachechemea, na mshahara wa mchungaji ukiwa bado juu yake. Charleroi ikaishitaki FIFA, na nyuma yake wakasimama matajiri wa Ulaya waliokuwa katika umoja ulioitwa G-14, ambao hawakuwa na huruma na Charleroi kuliko na mifuko yao. Suluhu ilipatikana mwaka 2008: umoja ule ukavunjwa, kesi ikafutwa, na klabu zikakubaliwa kulipwa. Tangu 2012 FIFA ina bima inayoilipa klabu mshahara wa mchezaji aliyeumia katika kazi ya taifa kwa zaidi ya siku 28, hadi euro milioni 7.5 kwa mchezaji mmoja. Na kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2026 zimetengwa dola milioni 355 za kugawiwa klabu zinazotoa wachezaji, safari hii hata zile ambazo wachezaji wao walicheza hatua ya kufuzu tu. Kwa hiyo klabu ya Dar es Salaam yenye mchezaji wa timu ya taifa, ijapokuwa taifa hilo halikufika fainali, ina haki yake humo.

Wazee wetu hawakuyajua mashaka haya. Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda, Tanganyika ikaingia 1945 na Zanzibar 1949, lilichezwa karibu kila mwaka katika zama ambazo hapakuwa na ligi ya nchi nzima ya kulizuia. Ligi ya kitaifa ya Tanzania ilianza 1965, na bingwa wake wa kwanza akawa Sunderland, ambayo ndiyo Simba ya leo. Hata mwaka 1979, Taifa Stars ilipokwenda Ndola kucheza na Zambia mwezi Agosti ikiwa na akiba ya bao moja la Dar es Salaam, na Peter Tino akasawazisha na kuipeleka nchi katika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, klabu haikuwa mwajiri kwa maana ya leo: mchezaji aliombewa ruhusa ofisini au kiwandani, klabu zote zikiwa chini ya chama kimoja, na chama kikisema ligi isimame, ilisimama. Fainali zile za Lagos, Machi 1980, hazikumnyima usingizi kocha yeyote wa Ulaya kwa ajili ya Mtanzania.

Ila kalenda yenyewe ilitoka wapi? Hapa ndipo mtu aliyekaa Ufipa, penye uwanda wa Sumbawanga ulioinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, anapoweza kuona jambo ambalo mtu wa FIFA kule Zürich halioni kwa kuwa ni kama hewa anayoivuta. Msimu unaoanza Agosti na kwisha Mei ni zao la majira ya Ulaya ya magharibi: majani ya kiangazi chao yalikuwa ya mchezo wa kriketi na mapumziko, na miezi ya baridi ndiyo iliyoachiwa mpira. Hakuna ubaya katika hilo, kila watu hupanga michezo yao kwa mbingu yao. Lakini mapato yalipokusanyika Ulaya, majira yale yakawa ni majira ya dunia nzima, na wengine wote wakaanza kujipima nayo.

Sisi tulijipima mapema. Ligi ya Tanzania Bara ilikuwa ikifuata mwaka wa kawaida, hadi mwaka 2007 ilipochezwa ligi ndogo ya mpito, Simba ikaichukua, kisha msimu wa 2007/08 ukaanza kwa mtindo huu wa sasa. Shirikisho la Afrika, CAF, likafuata miaka kumi baadaye: katika mkutano wake wa Morocco wa Julai 2017 liliamua kwamba mashindano ya klabu, yaliyokuwa yakianza Februari na kwisha Novemba, yageuzwe yawe ya Agosti hadi Mei, na Kombe la Mataifa ya Afrika litolewe Januari lipelekwe Juni na Julai, timu zikiwa 24 badala ya 16. Sababu haikufichwa. Klabu za Ulaya zilikuwa zimechoka kupoteza wachezaji wao katikati ya msimu.

Matokeo yake ni ya kuchekesha kwa mtu mwenye moyo wa kucheka. Fainali za 2019 zilichezwa Misri Juni na Julai, Tanzania ikiwamo kwa mara ya kwanza tangu Lagos, na zikaenda vyema kwa kuwa Misri haina mvua ya kuogopa. Zamu ya Kameruni ilipofika, ikaonekana kwamba Juni na Julai huko ni miezi ya gharika, mashindano yakarudishwa Januari 2021, kisha Korona ikayasogeza hadi Januari 2022. Zamu ya Kodivaa ikafika, mvua zile zile, mashindano ya 2023 yakachezwa kuanzia tarehe 13 Januari 2024. Wakuu wa mpira walikuwa wameketi, wakapiga kura, wakatia sahihi, na mvua ambayo haina kiti katika kikao chochote ikalitangua azimio lao mara mbili mfululizo. Na isidhaniwe kuwa Afrika peke yake ndiyo yenye mbingu isiyotii: Kombe la Dunia la Qatar lilihamishwa kutoka katikati ya mwaka hadi Novemba na Desemba 2022 kwa sababu ya hari ya Ghuba, na safari ile ligi za Ulaya ndizo zilizosimama katikati ya msimu, zikaonja kwa mwezi mmoja kile ambacho wengine huonja daima.

Ufipa mvua yetu ni moja. Huanza Novemba, hukatika Aprili, na baina ya miezi hiyo mtu hupanda mahindi, hupalilia, huvuna maharage, na barabara zisizo na lami huteremkia bonde la Rukwa kwa ridhaa ya matope. Mahindi yakianza kuingia nyumbani, kuanzia Mei hadi Julai, ndipo pesa na wasaa hupatikana, na ndipo mpira halisi wa kata huchezwa: ligi za mitaa, mabonanza, ndondo za kugombea mbuzi au seti ya jezi, vijana wakirudi likizo, skuli zikiwa katika michezo yao ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Kiwanja cha Juni ni kigumu na kimekauka, vumbi lake lina baridi ya asubuhi, na jua huzama hakuna wingu. Huko nako kuna ugomvi wa klabu na taifa kwa sura ya kijijini, kwani kijana hodari huitwa na mtaa wake, na kata ya jirani, na tajiri aliyetoa jezi, na siku ya fainali hutokea malalamiko ya mamluki. Ila hakuna ajuaye kanuni ya siku 15, na kesi hukatwa palepale penye mstari wa pembeni.

Sasa linganisha. Miezi ambayo kiwanja cha Sumbawanga ni kikavu na watu wana nafasi ndiyo miezi ambayo Ligi Kuu imelala. Na ligi inapofikia mzunguko wake wa pili, Januari hadi Machi, mvua iko katika nguvu zake, shamba linamtaka kila mwenye mikono, na basi la timu inayotoka pwani lina zaidi ya kilomita 1,100 mbele yake. Prisons walibahatika kumpata Simba Oktoba, mwisho wa ukavu. Sitaki kudai kwamba ligi ya nchi ipangwe kwa ajili ya Ufipa. Tanga ina mvua zake, Bukoba ina zake, na mtu atakayejaribu kuziridhisha mbingu zote za Tanzania hatapata hata Jumapili moja. Nadai tu kwamba tuliponunua kalenda ya wenzetu tulinunua na baridi yao, na bei ya baridi hiyo hulipwa na viwanja vya mikoani.

Nusu ya pili ya jawabu niliyoahidi ni hii. Madirisha ya FIFA yanajulikana miaka mingi kabla. Yale ya hadi 2030 yalipitishwa tangu Machi 2023, na mtu anayetaka anaweza kuyaandika ukutani mwake leo. Hayo hayawezi kumshtua mpangaji wa ratiba. Yanayoishtua ligi yetu ni mambo yaliyo nje ya madirisha. Mfano ulio dhahiri ni ule wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini kwao, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilikabidhiwa kuyaandaa. Yalikuwa yaanze tarehe 1 Februari 2025. Kwa kuwa kikosi chake hutoka katika ligi yenyewe, Ligi Kuu ikasimamishwa, na hata Kombe la Mapinduzi la Januari, ambalo kwa desturi ni la klabu, likachezwa safari ile na timu za taifa, fainali ikawa Gombani kisiwani Pemba, Zanzibar ikaifunga Burkina Faso mabao mawili kwa moja tarehe 13. Kesho yake, tarehe 14 Januari, CAF ikatangaza kuwa CHAN imeahirishwa hadi Agosti, viwanja na miundombinu vikihitaji muda zaidi. Ligi iliyokuwa imelazwa ikaamshwa, ikarudi mwanzoni mwa Februari, na wiki zilizopotea hazikuwa na wa kuzifidia.

CHAN yenyewe, ilipochezwa kuanzia tarehe 2 hadi 30 Agosti, ilikuwa nzuri, nami sitaki nionekane mtu asiyejua kushukuru: Stars ilifungua kwa kuifunga Burkina Faso mabao mawili kwa bila, ikaongoza kundi lake, ikatolewa robo fainali na Morocco iliyokuja kuwa bingwa. Ila msimu mpya wa ligi haukuanza hadi tarehe 17 Septemba. Na ule uliotangulia ulikuwa umemalizika tarehe 25 Juni kwa mchezo wa Yanga na Simba uliokuwa uchezwe tarehe 8 Machi, ukaahirishwa siku yenyewe baada ya Simba kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku uliotangulia. Yanga ilishinda mabao mawili, ikatawazwa bingwa. Hapo FIFA haikuwa na dhambi hata moja.

Viporo, basi, ndilo tatizo letu: michezo inayobaki nyuma wakati wengine wanaendelea. Msimu ule ule wa 2024/25 Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane, na kwa kufika huko ilicheza michezo 14 ya kimataifa, mingi yake ikitaka safari ya ndege na siku za kupumzika. Kila mmoja wa michezo hiyo huusogeza mchezo wa ligi, na timu iliyosogezewa huwa haiulizwi. Mwenyeji wa Simba au Yanga katika wiki yake hupata mapato ya mlangoni yanayoweza kumlisha kwa miezi. Akiambiwa ghafla kuwa mchezo umekwenda Jumatano ya wiki nyingine, amepoteza mauzo ya tiketi, hoteli aliyokwisha kuilipia, na mara nyingine hata uwanja. Televisheni nayo ina neno lake, kwani mkataba wa Azam na TFF, shirikisho la mpira la nchi, wa mwaka 2021, wa miaka kumi na thamani ya shilingi bilioni 225.6, ndio unaozilisha klabu ndogo, na anayelisha huchagua saa ya kula.

Lipo jambo jingine lililogeuka kimyakimya katika miaka hii, nalo ni kwamba klabu zetu kubwa sasa zimekaa katika kiti cha Charleroi. Katika fainali za Kodivaa, Yanga ilimpeleka Djigui Diarra kwa Mali, Stephane Aziz Ki kwa Burkina Faso na Kennedy Musonda kwa Zambia. Simba ikamtoa Henock Inonga kwa Kongo, ile ile iliyotoka sare ya bila mabao na Tanzania huko Korhogo. Watu waliokuwa wakilaumu klabu za Ulaya kwa uchoyo walisikika wakiuliza kama kipa atarudi mzima. Sikuwalaumu. Mshahara ni mshahara, uwe wa euro au wa shilingi, na mwenye kuulipa hutaka kuuona ukifanya kazi.

Nguvu ya mwenye kulipa ilionekana tena Desemba 2025. Fainali za Kombe la Mataifa huko Morocco zilipangwa kuanza tarehe 21 Desemba, na kwa desturi ya kanuni wachezaji wangetolewa tarehe 8. Zikiwa zimesalia siku chache FIFA ikazipa klabu juma moja zaidi, wakatolewa tarehe 15, makocha wa Afrika wakabakiwa na siku 6 za kuunganisha watu ambao hawajaonana tangu Novemba. Tanzania, iliyokuwa na wachezaji wengi wa nyumbani, haikuumia sana na jambo lile, na ligi yetu ilikwisha kusimama; tukafungwa na Nigeria mawili kwa moja, tukatoka sare na Uganda na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia tukavuka hatua ya makundi, kabla Morocco hawajatutoa Rabat kwa bao moja. Nathubutu kusema kwamba timu ambayo nusu yake inajuana kwa ligi moja ilifaidika na sheria iliyowabana walio na nyota wengi Ulaya. Katika siku zile zile Patrice Motsepe, rais wa CAF, alitangaza kuwa baada ya fainali za 2027 zitafuata za 2028, kisha mashindano yatakuwa ya kila miaka minne, huku ikiundwa ligi ya mataifa ya Afrika ya kila mwaka. Wengi waliliona tangazo hilo kuwa ni ushindi wa klabu za Ulaya uliovikwa kanzu ya Kiafrika, na mimi sina hoja ya kuwapinga.

Fainali za 2027 ni zetu, pamoja na Kenya na Uganda, nazo zimepangwa Juni na Julai, miezi ambayo Afrika ya Mashariki, tofauti na Kameruni na Kodivaa, mvua kubwa zimekwisha. Kwa mara moja kalenda ya Ulaya na mbingu yetu zimekubaliana. Lakini hesabu ya ligi itakayotangulia si nyepesi. Timu 16 zina michezo 30 kila moja. Kutoka katikati ya Agosti hadi katikati ya Mei, maana wachezaji watahitajika kambini mapema na viwanja vikubwa vitakabidhiwa kwa ukaguzi, kuna majuma yapatayo 39. Ondoa miisho miwili ya juma kwa dirisha refu la Septemba na Oktoba, mmoja wa Novemba, mmoja wa Machi, na majuma mawili ya Mapinduzi: yamebaki 33, kabla hujaweka Kombe la Shirikisho la nyumbani, michezo ya Afrika ya klabu nne zinazotuwakilisha, na siku ambayo kiwanja kimoja kitajaa maji mwamuzi akakataa kuanza. Hesabu hiyo haitoshi kwa Jumamosi na Jumapili. Itabidi ligi iingie katikati ya juma, na katikati ya juma viwanja visivyo na taa za kutosha havina saa nyingine ila saa nane au saa kumi.

Bodi ya Ligi itakapoitoa ratiba ya msimu huo, basi, watu wa Dar es Salaam wataitafuta kwanza tarehe ya Simba na Yanga, nayo ni haki yao. Mtu wa nyanda za juu atafanya vyema akahesabu ni Jumatano ngapi za Februari na Machi zilizopewa timu za huku, zimewekwa saa ngapi, na siku ngapi zimeachwa wazi baada yake kwa ajili ya basi litakalokwama.